Maksi za Dada wa Ghorofa ya Tatu

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Tisa,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe 4, mwezi wa tano.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na binti yenu mrefu. Natumaini mu wazima, na kama yupo anayeumwa basi yawe mafua tu ya kupita. Kifua chako je? Katika barua yako uliandika kwamba baridi imekukamata kifuani, ila hukusema kama imekuachia. Usiniache njia panda na kifua chako, tafadhali. Sisi huku tunamshukuru Mwenyezi Mungu, pumzi tunavuta. Habari za mama nitazifikia, lakini nipe nafasi nianze na ulichouliza.

Uliuliza kama ile televisheni uliyotutumia bado inatufaa, tumeangalia filamu gani, na zipi nzuri. Ukasema nikupe na maksi, kama za mwalimu wetu wa darasa la tano. Nilicheka peke yangu jikoni, maana hujui kwamba mtaani kwetu mimi sasa ndiye mwalimu wa filamu. Kaa chini nikuhadithie.

Unamkumbuka Mzee Kanda, aliyekuwa akiazimisha kanda za video zamani tukiwa wasichana? Bado yupo, kibanda ni kile kile chini ya dirisha letu. Sasa anaweka filamu kwenye flashi. Kwa kuwa mimi sishuki ngazi hovyo, tumefunga kamba kwenye kikapu kidogo. Yeye anatia flashi, anavuta kamba mara mbili, nami napandisha. Tukishaangalia narudisha flashi na kikaratasi cha maksi juu ya kumi. Mwanzoni vikaratasi vile vilikuwa vya utani. Siku moja nikachungulia nikaona amevibandika vyote kwenye kioo cha kibanda, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: MAKSI ZA DADA WA GHOROFA YA TATU. Watu wanasoma kabla ya kuchagua. Wengine wanainua kichwa na kunipungia mkono. Juzi mwanamke mmoja alinipigia kelele, "Dada, ile uliyoipa nane imenikosesha usingizi, Mungu anakuona!" Basi nimekuwa mtu maarufu katika mtaa ambao sikanyagi.

Tuanze na ya vita. Nimeipa tatu. Kelele tupu tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka mama akadhani mtungi wa gesi umelipuka. Mwanajeshi mkuu kapigwa risasi sita, katumbukia mtoni, kapanda mlima, na shati lake bado lina mkunjo wa pasi mikononi. Wewe unajua kazi yangu ya ushonaji, mimi shati siwezi kulisamehe. Maksi zote tatu nimempa mbwa wake, aliyefanya kazi kuliko watu.

Ya pili ni ya malkia wa zama za kale. Nimeipa tano. Mandhari nzuri, farasi wazuri, huyo malkia mwenyewe analia kwa heshima bila kukunja uso. Lakini alipogeuka kuwapa mgongo maadui zake, nikaona zipu! Zama za mishale na ngao, zipu ya plastiki imetoka wapi? Nilipiga kelele, mama akauliza kama malkia ameuawa. Nikamwambia afadhali angeuawa.

Ya mapenzi, ile ndefu, nimeipa sita. Saa tatu na nusu. Mama alisinzia, akaamka, akala, akasinzia tena, akaamka, na wale wawili bado hawajaoana. Kuna mahali pale, unaelewa, mdogo wangu, ambapo mtu anayesali hapaswi kukodoa macho. Nikageukia ukutani. Mama akauliza, "Wanafanya nini, mbona kimya?" Nikasema wanasalimiana. Akakaa, akakaa, akasema, "Salamu gani hizo? Wanaulizana hali za ukoo mzima?"

Hapo nimefika, Kitinda, na siwezi tena kuzunguka mbuyu. Utajiuliza kwa nini mama aulize wanafanya nini hali televisheni iko mbele yake. Mama haoni. Sizungumzii ukungu ule niliokuandikia mwaka juzi. Haoni kabisa. Ile presha ya macho ilimaliza jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata, na sasa ni mwaka mmoja na miezi saba tangu aone hata taa. Televisheni yako ilipofika alikuwa bado anaona vivuli. Aliifurahia, akaipapasa kioo, akasema ni pana kama meza ya wageni. Vivuli vilipokwisha sikukuandikia. Niliandika "mama anaendelea vizuri", nikafunga bahasha. Barua tano nimefunga hivyo. Nisamehe. Niliona uko mbali, una baridi kifuani, nikutwishe na hili?

Kwa hiyo filamu namsimulia. Mchana, baada ya kumwogesha na kumlisha, naketi kwenye kigoda karibu na goti lake. Nyingi ni za lugha za watu, yeye haelewi hata neno, basi mimi nasoma maandishi ya chini na kumweleza nani kaingia, kavaa nini, uso ukoje. Nguo namweleza kwa kirefu, anapenda. Anashika mkono wangu, na mahali pa hofu ananifinya. Kusema kweli ni saa nzuri katika siku yetu.

Saa nyingine ndizo ngumu. Miguu ya mama haiwezi tena ngazi, na ngazi ni hamsini na nne. Mwaka jana nilishuka mara moja kununua sabuni, dakika kumi hazikufika. Niliporudi nikakuta amefungua gesi ajipikie chai, kiberiti kiko mkononi anakitafutia upande wa kuwasha. Nilikipokonya nikafunga gesi. Tangu siku ile nikitoka lazima nimfungie, na kumfungia mama yangu mzazi kama mbuzi sitaweza. Nisipotoka nimejifungia mwenyewe. Sabuni sasa inapanda kwa kikapu, mboga kwa kikapu, hata jumbe za ndugu wa ibada zinapanda kwa kikapu. Mimi tu ndiye kikapu hakinitoshi.

Nirudi kwenye filamu kabla sijakuliza. Kulikuwa na ya manowari, wanaume wanane wamekwama chini ya bahari, hewa inapungua, na aliye nje hajui walipo. Nimeipa tisa na sitaki kuiona tena maishani. Katikati niliinuka nikafungua dirisha. Mama akauliza kama kuna joto. Nikasema ndiyo. Ilikuwa inanyesha, Kitinda, na mvua iliingia mpaka kwenye zulia.

Mambo ya karakana sasa. Unamjua Mama Futi, tajiri wangu wa zamani, yule ambaye futi ya kupimia haitoki shingoni hata akienda msibani. Wiki iliyopita alipanda mwenyewe. Alifika juu anahema, akasema, "Ngazi hizi alijenga mtu asiye na mama!" Akapewa maji, akamsalimia mama kwa adabu zote, kisha akanivuta jikoni. Amepata mashine kumi na mbili mpya za umeme, zile zinazokata uzi zenyewe, na anataka msimamizi. Mafunzo ni wiki sita kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, kutwa nzima, asiyehudhuria hapati cheti wala nafasi. Nikamwambia nitaongea na familia. Akasema, "Sikubembelezi, dada. Nakutaka. Mkono wako naujua. Lakini tarehe ishirini na tano nikikosa jibu, nampa mwingine, na usinililie."

Alipoondoka niliiangalia mikono yangu. Miaka minne haijakata kitambaa zaidi ya kupunguza magauni ya mama kadiri anavyokonda.

Nimeulizia kila upande. Nesi mstaafu wa ghorofa ya chini amekubali kukaa na mama asubuhi tu, maana mchana wajukuu wake wanarudi kutoka shule. Mama Futi naye amekubali kwamba mafunzo yakiisha nitashika zamu ya asubuhi peke yake. Kwa hiyo huko mbele kuna njia. Pengo ni hizo wiki sita za kutwa nzima. Nimehesabu watu wote kwenye vidole, ndugu wa ibada, majirani, binamu zetu, kila mmoja ana asubuhi moja, alasiri moja, na udhuru. Kidole kilichobaki ni wewe.

Sikutaka kukuandikia. Nisikufiche. Nilishaamua kumjibu Mama Futi hapana, kimya kimya, na wewe nikuandikie tena kwamba sote hatujambo. Kilichonigeuza ni filamu ya Alhamisi.

Ni ya mwanamke mmoja anayetunza nyumba ya wageni karibu na kituo cha treni. Ni mali ya wakwe zake, mume alishakufa, na juu ghorofani yupo mkwe mzee asiyetoka kitandani. Wageni wanakuja, wageni wanaondoka, yeye ndiye anawabebea mizigo mpaka mlangoni. Miaka ishirini. Haisemwi sana. Mwishoni anapanga nguo zake ndani ya sanduku, anavaa koti, anasimama mlangoni asubuhi treni ikikaribia. Treni inapiga honi. Anaangalia ngazi. Anaweka sanduku chini, anavua koti, anafunga aproni, anapanda juu. Hakuna neno hata moja. Ikaisha.

Mimi nikamwambia mama, "Ameondoka."

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama. Amepanda treni, amekaa dirishani."

"Amevaa nini?"

"Koti la kijani, mabega yamekaa vizuri, bitana ya hariri." Bitana, Kitinda! Bitana iko ndani ya koti, haionekani hata kwa mwenye macho. Nilikuwa nimeshapotea kabisa.

 Mama akauachia mkono wangu taratibu, akasema, "Treni ilipita, mwanangu. Nimeisikia honi ikienda mbali. Viatu vyake vilirudi ndani. Vikapanda ngazi."

Nikazima televisheni. Akaendelea, "Kwani mmeniambia macho ndiyo yamekufa au na masikio? Yule mwanajeshi mwenye mbwa alikufa, mbwa alilia wazi wazi. Yule malkia alifungwa, nimesikia minyororo. Filamu kumi na nne mfululizo, na zote zimeishia kwa harusi! Hata ile ya manowari umeniwekea harusi. Bibi harusi alifikaje kule, aliogelea?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, mabega yanamtikisika kama zamani. Ni kweli. Tangu nilipoona analia kwa filamu moja ya mtoto aliyepotea, nilianza kumbadilishia miisho. Wafu niliwafufua, waliogombana niliwapatanisha. Kila sala ya usiku niliomba msamaha kwa uongo wa siku hiyo, na kesho yake nikaoza wengine.

Kicheko kilipotulia akasema, "Hizo nyingine ulinidanganya kwa ajili yangu, nikanyamaza. Mtoto akikupikia, hata chumvi ikizidi unakula. Lakini hii ya leo hukunipikia mimi."

Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie. Akaita kutoka sebuleni, "Funga hilo bomba! Machozi hayahitaji maji ya mfereji."

Niliporudi sikumkuta kitini. Alikuwa amesimama, ameshikilia ukuta, anapapasa nyuma ya mlango. Pale kwenye msumari kuna ufunguo wenye uzi mwekundu. Niliuchongesha kwa ajili yako miaka minne iliyopita, tulipopatana kwamba nikae naye miezi sita kisha uje upokee zamu. Sikulaumu, kwanza ukapata kazi hotelini, halafu binti akaanza shule, mkaota mizizi huko, na kila mwaka likizo yako ikawa na sababu. Nilipoacha kuulizia, nawe ukaacha kueleza. Ikaja televisheni. Nilishukuru na bado nashukuru. Lakini nilipolifungua boksi nilijua kwamba imekuja badala yako, na nadhani wewe ulipoifunga ulijua pia.

"Huu wa nani?" mama akauliza, ingawa anajua.

"Wa Kitinda."

"Umeshika kutu?"

"Kidogo."

Akausugua kwa kitenge chake muda mrefu, kama mtu anayesafisha kijiko cha mgeni. Kisha akaniambia nichukue kalamu, na haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza: "Mwandikie mdogo wako. Usimpambie, usimwekee harusi. Mwambie sipo kitandani kwa kufa, nipo kitini na nasikia. Asingoje kuitwa kwenye mazishi, mazishini nitakuwa sisikii kitu. Aje sasa anisimulie filamu mbili tatu. Huyu dada yake kila mtu anamvika koti zuri. Nataka kusikia na wengine wanaona nini."

Basi nimekuandikia kama ilivyo. Tulirudia filamu ile jana, na safari hii nilimsimulia mwisho wake wa kweli, sanduku chini, aproni kiunoni, ngazi. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini hakuondoka. Nilisema sijui, haikuonyeshwa. Mama akasema, "Mimi najua. Hapakuwa na mtu wa kumwachia funguo."

Mzee Kanda alivuta kamba asubuhi akitaka maksi. Nilimshushia kikaratasi kitupu, maana kila namba niliyoandika niliifuta. Alinipigia kelele kutoka chini, "Dada, hii ni sifuri au umesahau?" Nikamwambia aache hivyo hivyo. Amekibandika kitupu. Tangu asubuhi watu wanaiulizia filamu hiyo kuliko zote.

Ninachoomba ni wiki sita, mdogo wangu. Kutoka tarehe moja. Likizo zako za miaka minne ukizikusanya nadhani zinafika, ila wewe ndiye unayemjua mkubwa wako wa kazi. Ukishindwa, niambie umeshindwa, kwa neno hilo hilo, kabla ya tarehe ishirini na tano, nimjibu Mama Futi kama mtu mzima. Nitalia siku mbili na nitaendelea kukupenda. Ila usiniandikie "tutaona". Nimeishi ndani ya "tutaona" miaka minne na haina dirisha.

Ukija utalala chumba changu, godoro nimeligeuza tayari. Mama anapenda uji uwe mwepesi na asimuliwe mikono ya watu wa kwenye filamu inavyokwenda wakiongea, hilo mimi husahau mara nyingi. Akikufinya mahali pa hofu usivute mkono.

Msalimie sana shemeji, mwambie akupe shati lake la kola iliyochanika uje nalo, nitalikarabati kwa mashine mpya Mungu akipenda. Msalimie binti mrefu, mwambie bibi anataka kumpima urefu kwa mkono. Nesi wa chini anakusalimu, na Mzee Kanda anasema una kanda yake moja tangu hujaolewa. Mama anakusalimu mara saba, alihesabu mwenyewe.

Mola akuondolee hicho kifua, akufungulie njia ya kazini kwako kama alivyowafungulia wengi waliokata tamaa, na akinyima, atupe wote wawili moyo wa kupokea. Amina.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye tangu hujajifunza kutembea hata sasa.

Nyongeza: Ndani ya bahasha utahisi kitu kigumu, ni ule ufunguo. Mama ameusugua mpaka unang'aa. Kitasa chetu kinakwama, kwa hiyo uvute mlango kwako kwanza, kwa nguvu kidogo, ndipo uzungushe. Usibishe hodi. Anataka asikie mwenyewe unavyofungua.